Je, alizeti na samadi vitasafisha udongo wenye risasi?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, nimepata kiwanja cha mita 50 kwa 20 ambapo zamani palikuwa na karakana ya kuvunja na kuyeyusha betri za magari. Nilipeleka maabara sampuli moja ya udongo. Majibu: risasi miligramu 1,100 kwa kilo, kadimiamu miligramu 3, pH 4.9. Nimeshauriwa nipande alizeti misimu mitatu huku nikimwaga samadi na unga wa mkaa, halafu nianze kulima mboga za familia. Nina watoto wawili wadogo. Je, ushauri huo ni sahihi? Kama si sahihi, nifanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, aliyekushauri amechanganya mbinu mbili zinazopingana, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mbinu ya kwanza ni kuivuta metali kutoka ardhini kwa mimea, kisha kuvuna mimea hiyo na kuiondoa shambani. Mbinu ya pili ni kuituliza metali pale pale ilipo, ishikwe na mboji, chokaa na mizizi, isipande kwenye vumbi wala kushuka kwenye maji. Ya kwanza inataka metali iyeyuke kirahisi ili mzizi uinywe. Ya pili inataka isiyeyuke kabisa. Ukipanda alizeti ili ivute risasi, huku ukimwaga samadi na mkaa vinavyoishika risasi, unavuta kamba pande zote mbili. Kwa kiwanja chako, chenye risasi kiasi hicho, mbinu inayofaa ni ya pili. Risasi haitatoka, na mboga za familia zisipandwe kwenye udongo huo hata baada ya misimu kumi.

Lakini kabla ya kilimo, nianze na watoto. Kama wamekuwa wakicheza kwenye kiwanja hicho, au watu wa nyumbani wanaingia ndani na viatu walivyokanyagia huko, wapelekwe kupimwa risasi kwenye damu. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kuwa mtu akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Watu wengi wanaihofia mboga na kulisahau vumbi. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya risasi ya udongo huingia kwa mikono inayokwenda mdomoni, kwa vumbi la sakafuni, kwa tope lililokauka kwenye viatu. Kwa hiyo tangu leo wasiingie pale, viatu vya huko vibaki nje, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kavu.

Sasa tufanye hesabu ya alizeti, maana hesabu hii humaliza mabishano mengi. Kiwanja chako kina mita za mraba 1,000. Ukichukua sentimita 20 za juu, hizo ni mita za ujazo 200, yaani takriban tani 260 za udongo. Kila tani ina gramu 1,100 za risasi, kwa hiyo kuna kama kilo 286 za risasi katika tabaka hilo peke yake. Tuseme unataka kushuka hadi miligramu 200 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha tahadhari ambacho Marekani ilikitangaza Januari 2024 kwa udongo wa makazi, baada ya kutumia 400 kwa miaka mingi. Itabidi uondoe kilo 234. Alizeti iliyostawi vizuri kwenye eneo kama lako itakupa kama tani moja ya mashina na majani makavu. Ikiwa na miligramu 50 za risasi kwa kilo, msimu mzima umeondoa gramu 50. Misimu mitatu ni gramu 150. Kuzimaliza kilo 234 kungehitaji misimu zaidi ya 4,600. Hata kama alizeti yako ingebeba mara kumi ya hapo, ungehitaji misimu zaidi ya 460.

Kwa nini mmea mkubwa namna ile ubebe kidogo hivyo? Risasi ni metali nzito kuhama. Ardhini hung'ang'ania mboji, udongo wa mfinyanzi, kutu ya chuma na fosfati. Ile kidogo inayoufikia mzizi hunaswa kwenye kuta za chembe za mzizi, au huganda hapo ikiwa fosfati ya risasi, na kizuizi kilicho ndani ya mzizi hufunga njia ya kwenda kwenye shina. Ukimng'oa alizeti na kuupima, utakuta sehemu kubwa ya risasi iko mizizini, ambako hakuna anayeivuna.

Utakutana na ripoti zinazosema vingine, na si za uongo, ila zisome kwa makini. Majaribio mengi yalifanywa kwenye vyungu, kwa udongo safi uliomwagiwa chumvi ya risasi inayoyeyuka wiki chache kabla ya kupanda. Risasi ya namna hiyo mmea huinywa kirahisi. Risasi iliyokaa ardhini miaka ishirini haina tabia hiyo. Mengine, hasa ya miaka ya 1990, yalitumia haradali pamoja na kemikali iitwayo EDTA, inayoifungua risasi kutoka kwenye udongo. Kweli, majani yalijaa risasi. Lakini EDTA haiozi haraka, na risasi iliyofunguliwa ambayo mmea haukuiwahi ilishuka na mvua kuelekea maji ya chini. Mtu akikuuzia dawa ya "kuongeza nguvu ya mmea kunyonya risasi", mkatalie, hasa kama kuna kisima jirani.

Sisemi haya ili kuidharau sayansi ya mimea inayonyonya metali. Ni kati ya mambo ninayoyapenda zaidi katika fani hii. Kuna mti wa New Caledonia, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake una rangi ya kijani na buluu kwa sababu ya nikeli: karibu robo ya uzito wa utomvu uliokaushwa ni nikeli. Kuna kangaga aitwaye Pteris vittata, ambaye watafiti wa Florida walitangaza mwaka 2001 kuwa hukusanya aseniki, dutu yenye sumu, kwa wingi wa ajabu, zaidi ya miligramu 22,000 kwa kilo ya jani kavu. Walimkuta akistawi mahali palipochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao. Kuna mmea mdogo wa Ulaya, Noccaea caerulescens, unaokula zinki na kadimiamu. Albania wanapanda Odontarrhena kwenye ardhi yenye nikeli ya asili, wanachoma mavuno na kuchukua nikeli kwenye majivu, hadi kama kilo 100 kwa hekta.

Japani ndiko kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ulifanyika shambani. Nchi hiyo ilikwisha umizwa na kadimiamu: ugonjwa wa itai-itai katika bonde la mto Jinzu, uliosababishwa na mpunga na maji yaliyochafuliwa na mgodi, ulitambuliwa rasmi kuwa ugonjwa wa uchafuzi mwaka 1968. Watafiti wake walichukua aina ya mpunga inayonyonya kadimiamu kwa wingi, wakaipanda misimu miwili kwenye majaruba yaliyokaushwa maji, na mavuno hayo hayakuliwa. Kadimiamu ya udongo ilishuka kwa asilimia 38, na mpunga wa kawaida uliopandwa baadaye ukawa na kadimiamu pungufu kwa asilimia 47. Ilifaulu kwa sababu uchafuzi haukuwa mkubwa sana, metali yenyewe ni nyepesi kuhama, na mpunga una mavuno mengi. Risasi haina sifa hiyo, na mpaka sasa hakuna mmea wa shambani ninaoweza kukutajia ukautegemea kuiondoa.

Kadimiamu yako je? Miligramu 3 kwa kilo ni kama gramu 780 katika tani zile 260. Hiyo ingewezekana kuivuta kwa miaka mingi, kama ingekuwa peke yake. Lakini ili uivute ungeuacha udongo ubaki na asidi, jambo linaloiachia risasi nayo. Hapo chagua jambo moja, na kwako risasi ndiyo kubwa.

Basi tuje kwenye kutuliza. Jambo lililonishtua katika majibu yako ni ile pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya 4.9, hata kuliko risasi yenyewe. Hayo ni maji ya betri yaliyomwagwa miaka yote. Kwenye asidi kiasi hicho kadimiamu inaelea tu, na risasi nayo inaanza kulegea. Ukipandisha pH hadi kati ya 6.5 na 7, kadimiamu, zinki na risasi hushikwa zaidi. Hiyo ni kazi ya chokaa ya kilimo, na hakuna samadi inayoweza kuifanya peke yake. Kiasi cha chokaa kinategemea udongo, kwa hiyo usikisie. Chukua ndoo tano, tia kilo tano za udongo kila moja. Ya kwanza iache hivyo hivyo, nyingine zichanganye na chokaa gramu 1, 2, 4 na 8 kwa kila kilo ya udongo. Ziweke kivulini zikiwa na unyevu kwa wiki nne, kisha upime pH. Ndoo iliyofika 6.5 ndiyo inayokupa jibu: kila gramu kwa kilo ni sawa na kilo 260 za chokaa kwa kiwanja chako chote. Vaa barakoa na glavu unapochota.

Baada ya chokaa ndipo mboji. Nasema mboji au samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu kali wala joto ikichimbuliwa. Vitu vilivyooza vizuri vina sehemu nyingi za kuikamata risasi na shaba, vinaleta fosfati kiasi, vinashika maji, na vinalisha vijidudu ambavyo udongo wa betri umevipoteza. Samadi mbichi hufanya kinyume kwa muda. Inatoa mabaki ya viumbehai yaliyoyeyuka majini, nayo huibeba shaba na risasi kuishusha chini. Chumvi iliyomo nayo huilegeza kadimiamu. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Samadi ya nguruwe na kuku wa kufugwa kwa chakula cha kiwandani mara nyingi ina shaba na zinki zilizotiwa kwenye chakula hicho, na mboji ya takataka za mji inaweza kuwa na risasi yake yenyewe. Dai kipimo kabla ya kununua lori zima. Tabaka la sentimita 5 kwenye kiwanja chako ni mita za ujazo 50. Lichanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Usimwage chokaa na samadi siku moja, maana nitrojeni itapaa hewani ikiwa amonia. Achanisha kwa wiki kadhaa.

Mkaa nao una faida, lakini si kila mkaa. Ule uliochomwa kwa hewa kidogo kutokana na mabaki ya mimea safi una majivu yanayopandisha pH na vinyweleo vingi vya kukamata metali, na hudumu ardhini kwa miaka mingi wakati mboji inaendelea kuoza. Hapo ndipo faida yake hasa: mboji ikiisha, metali iliyokuwa imeshikwa nayo inaweza kulegea tena, kwa hiyo mboji iongezwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mkaa unasaidia kuziba pengo. Mkaa uliochomwa kutokana na mbao zilizopakwa rangi au dawa usiuguse.

Sasa tahadhari ninayotaka uishike sana. Sahani za betri za zamani hazikuwa risasi tupu. Ziliongezwa antimoni ili ziwe ngumu, na mara nyingi aseniki kidogo. Sampuli yako haikupimwa hivyo viwili. Vina tabia iliyo kinyume na risasi: pH ikipanda vinaweza kulegea, na fosfati humsukuma aseniki atoke mahali alipokuwa ameshikwa. Nalitaja kwa sababu utashauriwa kumwaga mbolea ya fosfati. Kwa risasi ni dawa nzuri kweli, kwa kuwa huigeuza kuwa piromofaiti, dutu isiyoyeyuka kirahisi hata tumboni. Lakini aseniki ikiwa nyingi, utakuwa umetibu kimoja na kukiamsha kingine. Pima kwanza aseniki na antimoni. Ikionekana ni nyingi, usiongeze fosfati, usiipandishe pH kupita 6.5, na tafuta vitu vyenye kutu ya chuma, ambavyo humshika aseniki vizuri.

Na ile sampuli moja haitoshi. Mahali pa kuvunja betri uchafu haulingani: penye tanuri pengine kuna miligramu 20,000, hatua kumi mbele kuna 300. Kigawe kiwanja vipande vya mita 10 kwa 10, kila kipande chota mahali kama kumi, changanya, peleka sampuli moja. Sentimita 5 za juu zipimwe peke yake, maana ndizo zinazopeperuka. Ukiona vipande vya risasi, plastiki za makasha ya betri au majivu ya kijivu, usivitibu kwa mboji. Sehemu hizo zichimbwe na zichukuliwe na watu wenye kibali cha taka za sumu, kwa kupitia mamlaka ya mazingira. Kuondoa mita chache za ujazo zilizochafuka kabisa kunaweza kukupa nafuu kuliko miaka mingi ya mimea.

Kwa mimea, sahau alizeti. Unataka nyasi zinazofunika ardhi isionekane, zenye mizizi mingi, zinazoiacha metali mizizini na haziliwi. Ukoka unafaa sana. Huota hata kwenye mabaki ya migodi. Kwenye mteremko na kingo za mfereji, panda vetiva. Tangu zamani nyasi zenyewe zimetufundisha: kwenye mabaki ya migodi ya risasi ya Wales, mtafiti wa mimea Bradshaw na wenzake walikuta nyasi za kawaida ambazo kizazi baada ya kizazi zilikuwa zimejijengea uvumilivu wa metali. Lubumbashi nako, ambako uyeyushaji wa shaba ulioanza 1911 uliacha udongo uchi wenye asidi, watafiti wa chuo kikuu walitia chokaa na mboji, kisha wakapanda nyasi za vilima vya shaba kama Microchloa altera, nazo zikashika. Mpangilio ni ule ule ninaokuambia: sahihisha asidi, tia mboji, ndipo upande mmea uliozoea shida ya mahali. Usipande miti ya mierebi wala mipopla, ambayo hupandisha kadimiamu na zinki hadi majanini, kisha majani yakianguka uchafu uko juu ya ardhi. Nyasi zitakazokatwa hapo asipewe mnyama, zisichomwe jikoni, wala zisiwekwe kwenye lundo la mboji ya shamba. Ziache zilale pale pale. Wakati wa kulima na kuchanganya, mwagia maji ili vumbi lisipande, na fanya kazi hiyo siku isiyo na upepo.

Mboga zako zinawezekana, ila kwenye matuta ya kuinuliwa: tandika kitambaa kizito kinachopitisha maji, kisha weka sentimita 30 hadi 40 za udongo uliopimwa kuwa safi. Kingo zisiwe za mbao za zamani zilizotiwa dawa, kwa sababu ya aseniki ile ile niliyoitaja kwa kangaga. Nyanya, pilipili na maharage ni salama kuliko mchicha na karoti, maana risasi kidogo hufika kwenye tunda; majani hubeba vumbi na karoti hukaa udongoni. Osha kila kitu kwa maji mengi, menya vya mizizini. Na matuta hayo yasijengwe mpaka ukoka umefunika kiwanja chote, la sivyo vumbi litarudi juu ya udongo safi ndani ya msimu mmoja.

Mwisho ni vipimo vya baadaye. Ukipima jumla ya risasi mwaka ujao, utakuta namba karibu ile ile, au imeshuka kidogo kwa sababu mboji imeizimua. Usikate tamaa, na usimwamini atakayeonyesha mshuko huo kama usafishaji. Iombe maabara ipime kiasi kinachoyeyuka kwenye maji ya chumvi hafifu, kisha linganisha na cha kabla ya chokaa. Pima pH kila mwaka, na ikianza kushuka chini ya 6.2 rudisha chokaa. Ukishapata majibu ya aseniki, antimoni na ile ramani ya vipande, niandikie tena na nitakusaidia kupanga kiasi cha kila kitu kwa kila kipande.